Msolo Haupandwi

Kijijini Nambunda, watoto wakimwona Hawa anakuja na Bwana Misitu, walikimbia mbele yao wakipiga kelele, "Uhamiaji! Uhamiaji kaja! Ficheni miembe yenu!" Na watu wazima, badala ya kuwakemea, walicheka mpaka wakashika mbavu. Nambunda haiko mbali na Kilambo, mahali ambapo mtu akivuka Ruvuma yuko nchi nyingine, kwa hiyo hakuna asiyejua ladha ya kuulizwa "wewe ni wa wapi?" Safari hii walioulizwa walikuwa miti.

Hawa hakuukasirikia utani huo. Kusema kweli aliupenda. Alikuwa mjane mtu mzima, Mama Shamimu kwa kila mtu, kwa jina la binti yake aliyeolewa mjini Chikongola, na maishani mwake hakuwahi kuitwa mbele za watu kwa jambo analolijua. Miti aliijua. Mama yake, Bi Mwanakombo, alimfundisha tangu akiwa anabeba vijikuni vya kuchezea: huu mkongo, mbegu zake nyeusi zimevaa kofia nyekundu, huu msandarusi, ukiujeruhi unatoa utomvu, huu mpingo, usiuguse, una wenyewe. Kamati ya maliasili ya kijiji ilipotafuta mtu wa kutembea na Bwana Misitu, jina la pili halikutajwa.

Bwana Misitu mwenyewe aliitwa Elia, kijana wa Njombe, mpole, mwenye kofia iliyopauka kwa jua. Alijua kazi yake. Hawa akikosea alimrekebisha, naye akikosea Hawa alimrekebisha, mambo yakaenda. Ni yeye aliyewaambia wanakijiji kwamba mwarobaini, mjohoro na mwembe ililetwa na watu kutoka ng'ambo ya bahari. Hayo waliyameza. Alipofika kwenye mkorosho, mzee mmoja alisimama akakung'uta kanzu yake. "Mkorosho mgeni? Mkorosho? Basi na mimi mgeni, nipeleke Kilambo ukanivushe!" Kikao kilichukua muda kutulia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkutano mkuu ulikubali kwamba msitu uliobaki kati ya mashamba na mikoko uwe hifadhi ya kijiji. Ndani yake mtu asikate, asilime, asijenge, wala asizike. Tatizo likawa mahame. Kabla ya watu kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, wazee waliishi humo msituni, huyu na mji wake, yule na mji wake, na mahame yao bado yalikuwa na wenyewe. Lakini ukisema kila mwenye mahame aachiwe, nani atakosa mahame? Hata aliyehamia juzi angekumbuka kwamba babu yake alizaliwa humo.

Hapo ndipo Hawa aliposimama kwenye mkutano, akatoa kanuni iliyomfanya mtu maarufu. "Mwembe haujipeleki msituni," alisema. "Mkorosho hauji kwa miguu. Mkikuta mti mgeni, jueni kuna mtu aliuleta, na hapo ni mahame ya watu. Mkikuta wenyeji watupu, hapo hapakuwa na mtu. Ni pa Mungu." Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji, Rajabu, aliirudia kanuni ile neno kwa neno ili aonekane kama ameitoa yeye. Elia akaleta rangi: nyekundu kwa miti ya kigeni, nyeupe kwa miti ya asili. Penye nyekundu, mwenye mahame aachiwe. Penye nyeupe tupu, hifadhi.

Kwa majuma kadhaa walizunguka hivyo, Elia na kopo la rangi, Hawa na mdomo wake. "Mwembe. Mgeni!" Nyekundu. "Mtondoo. Mwenyeji!" Nyeupe. Mahame ya marehemu baba yake yalikuwa na miembe mitatu, yakapata nyekundu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema anajipendelea, na yeye mwenyewe alitembea bila wasiwasi wowote.

Karibu na mwisho wa kazi walifika kwenye uwanda mdogo, juu ya mkono wa maji unaoingia mikokoni. Palikuwa kimya. Moto wa wawinda ndezi ulikuwa umepita pale miaka ya nyuma, ukala kila kisichojua kuvumilia moto. Katikati ulisimama msolo mmoja mkubwa, majani yake yamegeuka manjano kwa kiangazi, na matunda yake makavu, yale ambayo paa huyafuata, yametapakaa chini. Kwenye shina, juu ya jani pana, palikuwa na unga mweupe kiasi cha kiganja.

"Huu unga ni wa nini, Mama Shamimu?" Elia aliuliza.

Hawa aliona aibu, kama mtu aliyekutwa na mgeni nyumba haijafagiwa. Kila mtu wa upande ule anajua msolo ni nini. Ndio mti ambao wazee walikwenda kuzungumza chini yake na wafu wao, wakaweka unga, wakaomba mvua au mtoto. Na kila mtu anajua jambo la pili: msolo haupandwi. Unautafuta ulipo, pale Mungu alipouweka, unauchagua. Kuupanda ni sawa na kujitungia babu.

"Washirikina hawajaisha, mwanangu," alimjibu, akasukumia majani juu ya unga kwa mguu mpaka haukuonekana. "Msolo. Mwenyeji. Weka nyeupe, twende."

Elia akazungusha rangi nyeupe shinani. Aliangalia huku na huku, akasema pametulia sana, hakuna hata kigae.

Jioni yake Hawa alipika ming'oko, vile viazi vya porini ambavyo watu wa Mtwara wanaweza kukosea njia ya nyumbani lakini wasikose harufu yake. Ming'oko ile aliichimba Bi Mwanakombo mwenyewe. Bibi yule alikuwa mkongwe sasa, mgongo umekunjika, lakini kila baada ya muda aliaga kwamba anakwenda kuchimba ming'oko, akarudi mchana na kifurushi kidogo, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atakufa kwanza, yeye au njaa. Wakawa wanakula. Hawa, akiwa na furaha ya kazi inayokaribia kwisha, akasimulia habari ya siku: uwanda, msolo, unga. Alisimulia huku anacheka, hata akaonyesha kwa mguu jinsi alivyoufukia.

Bi Mwanakombo aliacha kutafuna.

"Nti ule mmeupaka rangi gani?" aliuliza. Kiswahili chake hakikuwahi kuachana na Kimakonde.

"Nyeupe, mama. Umeota wenyewe."

"Umeota wenyewe," mama yake alirudia, akasogeza sahani, akanawa mikono.

Asubuhi hakuwepo. Hawa alidhani ni ming'oko tena, akakasirika kidogo, maana ile ya jana haijaisha. Mama alirudi jua limeshapanda, bila kifurushi. Mikono yake ilikuwa na rangi nyeupe iliyochanganyika na damu, na kucha mbili zimevunjika. Mkononi alishika kipande cha bati.

"Mama! Umefanya nini?"

"Haitoki," alisema Bi Mwanakombo, akakaa chini mlangoni kama mtu aliyeshusha mzigo. "Nimekwangua mpaka gome, haitoki."

Hawa alileta maji, akamwosha vidole kimoja kimoja. Aliogopa kuuliza, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake ilikwishaanza kujua.

"Nti ule nimeupanda mimi," mama yake alisema.

"Mama, msolo haupandwi."

"Najua haupandwi. Nimeupanda."

Akamweleza kwa maneno machache, kama anayeeleza njia. Kabla ya baba yake Hawa alikuwa na mume mwingine. Walijenga pale kwenye uwanda, wakapanda mwembe na mikorosho, hiyo hiyo ambayo baadaye moto uliila. Mume akavuka mto kwenda kuwatazama ndugu zake, vita vya Mreno vikamkamatia huko, hakuonekana tena. Yeye akabaki na mimba. Mtoto, wa kike, alikuja kabla ya miezi yake, akapumua usiku mmoja. Mtoto ambaye hajaonyeshwa watu hakupelekwa makaburini siku zile, na yeye hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Alimzika mwenyewe kwa mikono yake. Halafu akaona hana hata mti wa kuzungumza naye chini yake, maana pale hapakuwa na msolo, akauchimbua mche mahali pengine, akaupanda juu yake.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambia saa ngapi?" mama alimtazama. "Mumeo alipoukuta unga wangu kwenye pembe ya nyumba, aliumwaga nje, nawe ukasema, mama unatuaibisha. Na jana umeufukia kwa mguu, ukaja kunisimulia kwa kicheko."

Kuna maneno ambayo mtu akiambiwa hana pa kuyaweka. Hawa aliendelea kuosha vidole ambavyo vilikwishatakata.

"Nilitaka nikifa mnipeleke kule," Bi Mwanakombo alisema. "Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuambia."

"Hifadhini hazikwi mtu, mama."

"Si ndiyo maana nilikwenda na bati."

Hawa alikwenda mbio ofisi ya kijiji, alikofikia Elia. Hakumwambia habari ya mtoto. Mama yake alimwapisha asiitamke kwa mtu. Alimwambia tu kwamba amekosea, msolo ule ulipandwa, pale ni mahame. Elia hakumcheka. Alisema ramani haijapitishwa, itapitishwa Ijumaa baada ya swala, na yeye hana neno, lakini kanuni ni ya kijiji na mti wa asili hauwezi kujishuhudia. "Tafuteni kitu kinachoonyesha waliishi watu, Mama Shamimu. Jiwe la kusagia, kigae cha chungu. Chimbeni kidogo hapo chini ya mti, hamtakosa."

Alirudi nyumbani nusu anakimbia. "Mama, chungu! Si mlikuwa na vyungu?"

"Jiwe nilihama nalo, ndilo hilo lililoko jikoni kwako," alisema Bi Mwanakombo. "Vyungu nilihama navyo. Kilibaki kimoja."

"Kiko wapi?"

"Yeye yumo," alisema mama yake.

Hawa aliketi. Nje kuku walikuwa wanagombania maganda ya ming'oko.

"Mficha uchi hazai, mama," alisema mwishowe, kwa upole kadiri alivyoweza. "Tukiwaambia watu, watatuelewa. Ukificha, nitakusaidiaje?"

"Nilizaa," alisema Bi Mwanakombo. "Wala sitaki afukuliwe na watu wenye majembe ili waone kama nasema kweli."

Ijumaa mkutano ulifanyika kwenye ghala la korosho, kwa sababu msimu ulikuwa haujaanza na ghala lilikuwa tupu. Elia alibandika ramani ukutani. Mwenyekiti Rajabu alikuwa anaelekea kuuliza kama kuna mwenye neno, kwa ile sauti inayoomba asiwepo, Hawa aliposimama.

"Msolo ulio kule uwandani niliutaja vibaya," alisema. "Ulipandwa na mtu. Pale ni mahame."

Ghala lilivuma. "Uhamiaji kamkuta ndugu yake!" mtu alisema nyuma, na kicheko kikapasuka. Aliyesema alikuwa Hassani, mtu wa shoka na maneno, ambaye mahame ya babu yake yalikosa nyekundu kwa kukosa hata mwembe mmoja. Hawa ndiye aliyemkatalia.

"Mama Shamimu," Rajabu alisema, "kanuni umetupa wewe. Leo unaivunja wewe?"

"Siivunji. Nasema haikutosha. Nilidhani mtu hapandi ila kitu cha mbali. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kupanda kilicho cha kwao."

Shehe Hemedi, imamu wa msikiti, aliinua mkono. Hakuwa mtu mkali, lakini mambo ya tambiko aliyahubiri kila Ijumaa, na leo hii hii alikuwa ameyahubiri. "Hata mimi ninayeyakataa mambo yale najua msolo haupandwi," alisema. "Nani aliupanda? Na unga uliopo pale ni wa nani? Wachungaji wa mbuzi wanauona kila mwezi."

Hawa aliwaona wanawake wanaosali naye safu moja. Aliiona mikeka, viatu vilivyopangwa mlangoni, ramani. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Unga ni wa nyumbani kwangu," alisema.

Hakusema uongo. Nafaka yake ilitoka kwenye ndoo yake mwenyewe, jikoni kwake. Wala hakusema kweli. Mwanamke aliyekaa karibu naye alivuta upande wa baibui yake, akasogea kidogo tu, kiasi cha kumpisha mtu mwembamba kati yao. Shehe Hemedi alimtazama kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Mama Shamimu, wewe?" alisema, akaketi.

Rajabu alitaka jambo liishe. Akaamua: kesho asubuhi kamati itakwenda na majembe. Kikipatikana kigae, mahame. Kisipopatikana, nyeupe ibaki na ramani ipite. Mikono ikanyooshwa. Hawa alipoiona mikono ile yote juu ndipo alipoelewa alichofanya: alikwenda kumwombea mama yake asifukuliwe mtoto, akatoka na amri ya kufukua.

Mama alikwishasikia kabla hajafika. Katika Nambunda habari haimsubiri mwenyewe. "Unga wa nyumbani kwako," alisema Bi Mwanakombo, akiwa amelala amegeukia ukuta. "Umejitwisha wangu."

"Mama, wanakuja na majembe. Nisamehe."

Asubuhi kitanda cha bibi kilikuwa kimetandikwa, mwenyewe hayupo.

Walimkuta uwandani. Alikuwa amekaa chini ya msolo, miguu ameinyoosha, mgongo umeegemea pale pale kwenye rangi, kanga yake safi ya kwendea matanga ameifunga vizuri. Pembeni yake palikuwa na unga mpya juu ya jani, naye hakuufunika. Wanaume walisimama. Elia peke yake ndiye aliyekumbuka adabu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Aliwapitia wote kwa macho: Elia, Rajabu, Shehe Hemedi, Hassani na wengine wa kamati, mwisho binti yake. "Mmekuja kuchimba. Chimbeni," alisema. "Ila kwanza mkatawadhe."

Rajabu alikuwa na jembe begani, akalishusha polepole mpaka likagusa majani. Elia hakuelewa, akamgeukia Hawa.

"Bibi," Shehe Hemedi alisema, "yumo nani humu?"

"Ntoto."

"Wa nani?"

"Wangu mimi. Wa kwanza. Na unga ni wangu, huyu binti yangu hana habari nao. Hata kuusaga kwa jiwe hajui, anapeleka mashineni." Alisema hivyo bila kutabasamu, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa kutojua afanye nini.

Rajabu alisafisha koo. Akasema basi, inatosha, wamesikia, warudi. Wengine walikwishageuka. Ni Hassani aliyebaki amesimama, na lililomtoka halikuwa utani.

"Tumesikia," alisema. "Babu yangu pia alizikwa huku, nikasema, mkaniambia neno si ushahidi. Mama Shamimu ndiye aliyeniambia. Leo neno la mama yake ni ushahidi? Basi kesho kila mtu aje na maiti yake ya kusimulia."

Lilikuwa neno la kikatili, nalo lilikuwa la haki, na Hawa aliyajua yote mawili. Alikumbuka jinsi alivyomjibu Hassani siku ile, mkono kiunoni, watu wanacheka. Alimtazama mama yake. Bi Mwanakombo alifumba macho. Halafu akasogea, akijivuta kwa mikono, akaacha nafasi pale alipokuwa amekaa.

"Achimbe Hawa," alisema. "Bila chuma."

Walikuwa na dumu la maji ya kuoshea brashi. Hawa alitawadha kwa maji yale, mikono, mdomo, uso. Akaliinua jani lenye unga kwa mikono miwili, akaliweka kando kwa uangalifu, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole. Majani kwanza, halafu udongo mweusi, halafu mchanga mwekundu uliobana. Mizizi ilikuwa mingi. Aliipita mmoja mmoja, bila kuukata hata mmoja. Nyuma yake hakusikia chochote ila Shehe Hemedi akisoma kwa sauti ya chini, na hakuweza kujua anasoma kwa ajili ya nani.

Kidole chake kiligusa kitu cha mviringo, laini. Akafagia mchanga kwa kiganja. Ukingo wa chungu ulionekana, wenye michoro ya kucha ambayo wanawake wa zamani waliiweka shingoni mwa vyungu vyao, na juu yake kifuniko, bakuli la udongo lililopinduliwa. Mzizi wa msolo, mnene kama mkono wa mtu mzima, ulikuwa umekizunguka chungu chote, ukakishika.

"Njoo uone, Hassani," Hawa alisema.

Hassani alikuja, akainama, akatazama. Akavua kofia. Alirudi nyuma akaenda kusimama mbali, akiwapa mgongo.

"Bado kimefunikwa?" Bi Mwanakombo aliuliza. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa.

"Kimefunikwa, mama. Hakijapasuka."

"Basi rudisha udongo, asije akaingiwa na jua."

Hawa alirudisha udongo wote, akaupapasa, akalirudisha jani na unga wake juu yake, mbele ya kamati na mbele ya imamu. Machozi yalikuwa yanamdondoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Rajabu akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mkutano kwamba pale ni mahame, na kwamba habari ya babu yake Hassani itarudiwa upya, nayo na za wengine wote. Hakuna aliyepinga. Kanuni ya Hawa ilikufa hapo hapo.

Elia alifungua kopo la nyekundu, akasita na brashi mkononi. "Lakini ni mti wa asili, Mama Shamimu," alisema, kama anayeomba radhi. "Nyekundu ni ya wageni."

"Nipe," Hawa alisema. Akapaka mwenyewe, juu ya nyeupe, akapita taratibu penye mikwaruzo ya bati, ambapo rangi ilikataa kushika ikachuruzika.

Walipodhani yamekwisha, Bi Mwanakombo aliinuka kwa kushikilia shina. Alitembea hatua chache upande wa maji, akatazama chini, akatazama mti, akachagua mahali kati ya mizizi miwili. Halafu akalala chini. Alijilaza pale kwenye majani makavu kwa ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, magoti ameyanyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu, mbele ya wanaume wote wale.

"Mama, inuka," Hawa alisema. "Mama, tafadhali."

"Nataka uone," alisema mama yake kutoka chini. "Usije ukakosea tena. Kichwa hapa, karibu yake. Miguu isifike kwenye ule mzizi."

Rajabu aligeuza uso. Elia aliokota dumu na makopo, akasogea pembeni. Hawa alisimama palepale, mikono yake ina udongo na rangi, akimtazama mama yake alivyokuwa mfupi pale chini, akipima kwa macho kwa sababu aliambiwa aone.

Shehe Hemedi alikuja taratibu, akachuchumaa karibu na bibi yule. Hawa alidhani atamkanya.

"Geuka kidogo, Bibi," imamu alisema. "Kibla kiko huku."

Bi Mwanakombo akajisogeza, kidogo kidogo, majani yakilia chini yake, mpaka imamu akasema panatosha.